Kina cha Bahari: Mizani na Vina katika Utenzi

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo huishia kwa kina kimoja. Cha nne huishia kwa kina kingine, na hicho ndicho kitakachorudi katika ubeti wa pili, wa tatu, wa mia na wa elfu, mpaka utungo ukome. Kanuni yenyewe imeishia hapo. Mwanafunzi huikariri kwa dakika moja, na pengine ndiyo sababu uchambuzi mwingi huishia hapo pia: nane zinahesabiwa, vina vinatiwa alama, daftari linafungwa.

Hata hivyo, kanuni hiyo ndogo imebeba mizigo mikubwa. Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo wa Athumani aliitumia kusimulia habari za Mtume Muhammad na Hirqal, mfalme wa Rumi, katika Utendi wa Tambuka, wenye beti zaidi ya elfu moja. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham aliitumia kumwusia binti yake. Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliitumia kueleza jinsi Wajerumani walivyoitwaa Mrima, na Shaaban Robert akaeleza kwayo Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, katika utenzi wa beti zipatazo 3,000 uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi unapita beti 4,000. Mwaka 1996 zikatoka tenzi za Julius Nyerere zinazosimulia Enjili nne na Matendo ya Mitume, nazo zimo katika umbo hilo hilo. Vita, wasia na dini vimepita katika mlango mmoja wa mizani nane. Swali la mchambuzi basi ni hili: mlango huo unakifanyia nini kisa kinachopita humo?

Kazi huanza kwa sikio. Mizani ni silabi zinazotamkwa. Herufi zilizoandikwa hazihesabiwi. Kiswahili kina silabi zilizo wazi, yaani karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo hesabu kwa kawaida ni nyepesi. Neno "bandari" lina mizani tatu, "jahazi" tatu, "taa" mbili, kwa kuwa kila irabu husimama peke yake. Ugumu huanza kwenye herufi m na n. Katika "mtu" herufi m ni silabi kamili, kwa hiyo neno lina mizani mbili. Katika "mbuzi" herufi hiyo imeshikana na b, na neno lote lina mizani mbili tu. "Nchi" ina mizani mbili, "ndovu" nayo mbili, ingawa la kwanza lina irabu moja na la pili lina irabu mbili. Mfano ulio bora kuliko yote ni "mbuni". Akiwa ndege mkubwa asiyeruka, ana mizani mbili. Akiwa mtu aliyebuni jambo, au ukiwa mti wa kahawa, mizani ni tatu, maana hapo m ni kiambishi na hutamkwa peke yake. Maandishi ni yale yale. Anayehesabu kwa jicho hana njia ya kujua.

Maneno yaliyotoka Kiarabu yana mlango wa pili wa mashaka. "Labda" hutamkwa kwa mizani mbili, au kwa tatu likiwa "labuda". "Sultani" huwa tatu, na likiwa "sulutani" huwa nne. Watunzi wa mwambao waliijua vizuri fursa hii na waliitumia bila haya: kipande kikipungua mizani moja, konsonanti mbili zilizogandana hutiwa irabu katikati, na hesabu inakamilika. Kwa hiyo kipande kinachoonekana kuwa na mizani saba katika chapa ya kisasa si lazima kiwe na kasoro. Huenda mhariri ameandika neno kama lilivyo katika kamusi, ilhali mtunzi alilitamka kwa irabu ya ziada.

Beti mbili zilizotungwa kwa ajili ya maelezo haya tu zitasaidia kuonyesha namna umbo linavyofanya kazi. Kisa ni cha jahazi linaloondoka bandarini.

Wakalipandisha tanga
nahodha akajifunga
na kamba akazipanga
kusi ikaanza vuma.

Wakaiacha bandari
usiku wakasafiri
kulipofika fajiri
nchi wameacha nyuma.

Si beti za kushindania tuzo, lakini zina karibu kila kitu kinachohitaji kuelezwa. Kipande cha kwanza ni maneno mawili tu: wa-ka-li-pa-ndi-sha-ta-nga. Kitenzi kimoja kimekula mizani sita, nomino ikapata mbili. Hapa ndipo panapoonekana kwa nini nane inaikaa lugha hii kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa kabla ya kufika kwenye mzizi, na kila kimoja kwa kawaida ni mizani moja. Mtunzi anayetaka mizani moja zaidi anaweza kutia kiambishi cha mtendwa. Anayetaka kupunguza anakiondoa. Katika kipande cha mwisho cha ubeti wa pili, ufasaha wa kawaida ungetaka "wameiacha". Kiambishi kimeachwa kwa sababu mizani ingefika tisa. Hakuna msikilizaji wa utenzi atakayeshtuka.

Mambo mengine mawili yamefanyika katika beti hizo. "Ikaanza vuma" imedondosha "ku" ya "kuvuma", na "alfajiri" imepungua ikawa "fajiri". Ufupishaji wa namna hii huitwa inkisari. Kinyume chake, yaani kulirefusha neno ili lifikie hesabu, kama "enda" kuwa "enenda", huitwa mazida. Kubadilisha sauti ya neno ili kina kipatikane, bila kuongeza wala kupunguza mizani, ni tabdila. Vitabu vya shule huyaorodhesha haya chini ya kichwa cha uhuru wa mshairi, na mwanafunzi hupata alama kwa kuyataja. Kuyataja pekee ni kazi ya karani. Kilicho na maana ni kuona yanatokea wapi. Mtunzi hodari hufupisha katikati ya kipande, mahali ambapo sikio halikai, na huiacha mizani ya saba na ya nane ikiwa safi. Mtunzi dhaifu hulivunja neno pale pale mwishoni, penye kina, na mbanano wake husikika na kila mtu.

Mizani hizo mbili za mwisho zina sababu ya kuheshimiwa. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa kuwa kipande huishia mahali neno linapoishia, mizani ya saba daima huwa na mkazo na ya nane huwa nyepesi: TA-nga, FU-nga, PA-nga, VU-ma. Mizani sita za mwanzo huweza kupangwa vyovyote, mkazo ukiwa hapa katika kipande hiki na pale katika kingine. Kwa hiyo kila kipande huanza na uhuru na kumalizika kwa mwendo mmoja. Hilo ndilo linaloukinga utenzi wa beti elfu nne usiwe kama saa ya ukutani.

Kina cha Kiswahili nacho kina tabia yake. Kinakaa katika silabi ya mwisho, ile isiyo na mkazo, na kinataka konsonanti na irabu zote mbili zifanane. "Tanga", "akajifunga" na "akazipanga" yana kina -nga. Irabu iliyo kabla yake, yenye mkazo, si lazima ifanane: ni a, kisha u, kisha a tena. Mtunzi akizifanya nazo zifanane, vina huwa vizito zaidi na ubeti hulia kama ngoma iliyokazwa. Katika beti mbili zilizotolewa, vina vya kituo, yaani kipande cha nne, "vuma" na "nyuma", vinafanana mpaka kwenye irabu ya u. Sikio hupokea zawadi hiyo bila kujua ilikotoka. Lakini zawadi ikitolewa kila mara hukoma kuwa zawadi, na tenzi nyingi nzuri huiweka akiba kwa ajili ya mahali pazito.

Kina cha kipande cha nne, kile kinachopita utungo mzima, huitwa kina cha bahari. Hiki ndicho moyo wa utenzi, na ndicho uchambuzi wa kawaida hukipita mbio. Vina vitatu vya ndani ni mali ya ubeti mmoja: huzaliwa, hurudiwa mara tatu, na kusahauliwa. Kina cha bahari ni mali ya kisa chote. Kazi zao ni tofauti. Vitatu vya mwanzo husukuma mbele. Sikio lililokwisha kusikia -nga mara mbili hulitaka la tatu. Cha nne husimamisha na kurudisha nyumbani. Msikilizaji aliyekosa beti tano kwa kuhudumia wageni akirudi kukaa mkekani hupokelewa na mlio ule ule aliouacha, na hupata mara moja mahali pa kushika.

Namna kisa kinavyogawanywa hufuata mgawanyo huu wa kazi. Katika tenzi nyingi, tendo hutembea katika vipande vitatu, kisha cha nne hutoa tokeo, sababu, au maneno ya kuthibitisha. Beti mbili za jahazi zinafanya vivyo hivyo. Vipande vya mwanzo vimejaa -ka-, kiambishi cha tendo linalofuata tendo: wakalipandisha, akajifunga, akazipanga, wakaiacha, wakasafiri. Katika kituo cha ubeti wa pili -ka- inatoweka na -me- inaingia: wameacha. Mwendo umegeuka kuwa hali. Jahazi halitendi tena. Nchi kavu haipo. Badiliko hilo la silabi moja, likitokea hasa pale kina cha bahari kinapogonga, ndilo jambo ambalo mchambuzi anapaswa kulitafuta. Kuhesabu nane ni maandalizi ya kufika hapo.

Kina cha bahari pia hudai ushuru. Utenzi wa beti elfu moja unahitaji maneno elfu moja yenye mwisho mmoja, na hakuna kina chenye hazina hiyo isipokuwa vichache. Ndiyo maana tendi nyingi za kale hukimbilia -a au -ya. Vitenzi vya asili ya Kibantu kwa kawaida huishia kwa a, na kauli ya kutendea huzaa miisho ya -ia kwa wingi usiokwisha: kumwambia, kumtilia, kuwafikia. Katika matamshi, -ia husikika kama -iya, kwa hiyo "sikia" na "ya" hukutana katika kina kimoja bila taabu. Tahajia ya leo, inayoandika "pia" na "njia" bila y, huficha kina hicho machoni.

Hata kwa -ya, maneno hurudi. Tena si maneno pekee. Vipande vizima hurudi. Mtu anapoanza kusema, utenzi huwa na njia zake chache za kumtambulisha. Anapopanda farasi, anapolia, anapofika mlangoni, kuna vipande vilivyo tayari, vya mizani nane kamili. Wahakiki wengine wamevihesabu vipande hivi kuwa uvivu. Hukumu hiyo inasahau kwamba utenzi ulitungwa usomwe kwa sauti, kwa mahadhi, mbele ya watu, pengine usiku kucha. Kipande kinachojulikana humpumzisha msomaji na msikilizaji kwa pamoja, wakati kisa kinajiandaa kwa jambo jipya. Uvivu wa kweli upo, lakini uko kwingine: katika neno la kujazia, kama "hakika" au "yakini", linaloletwa mwishoni kwa ajili ya kina tu huku likiwa halithibitishi chochote. Tofauti husikika kwa urahisi. Neno la kujazia likiondolewa, maana haipungui. Kipande kilichozoeleka kikiondolewa, kisa huchechemea.

Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ni shule nzuri ya mambo haya kwa kuwa kisa chake kinajulikana na wengi: shujaa aliyefungwa, mama anayemfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa, makelele ya ngoma yanayofunika sauti ya kukata minyororo, na mwisho mtoto anayemchoma babake sindano ya shaba kitovuni. Kisa hicho kwa nathari kinasimuliwa kwa dakika tano. Kwa umbo la utenzi kila hatua lazima ipite katika vipande vinne, na kila ubeti lazima ufunge mlango wake kabla wa pili haujafungua, maana ni nadra sentensi ya utenzi kuvuka kutoka ubeti hadi ubeti. Msimulizi hawezi kukimbia. Hofu ya watu wanaomwona Liyongo amepiga goti kisimani na uta mkononi, wasijue kwamba amekwisha kufa, inafaidika na ucheleweshaji huo: kina cha bahari kinarudi, kinarudi tena, na bado hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji.

Utendi huo, kama wa Mwana Kupona na wa Tambuka, ni wa lahaja za kaskazini, na hapo pana mtego kwa mchambuzi anayetumia chapa iliyosanifishwa. Kiamu husema "nti" pale Kiunguja kinaposema "nchi", "ndia" kwa "njia", "moya" kwa "moja", "mato" kwa "macho". "Nti" yafanya kina na "kiti", "nchi" haifanyi. Mhariri mwenye nia njema anayebadilisha maneno ili msomaji wa Dodoma aelewe anaweza kuvunja kina kimoja katika kila ubeti wa tatu, kisha lawama ikamwangukia marehemu mtunzi. Jina lenyewe la utungo linaonyesha mpaka huo: kaskazini ni utendi, kusini ni utenzi, neno lile lile la kutenda likiwa limegeuza d kuwa z, kama "penda" inavyozaa "mpenzi".

Hati za kale zina mtego mwingine. Tendi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu tu za irabu. Alama moja ilisimamia i na e, nyingine u na o. Vina vinavyofanana katika karatasi vinaweza kutofautiana mdomoni. Mchambuzi hana budi kuyarudisha maneno katika matamshi ya mahali yalipotungwa kabla ya kutoa hukumu. Wakati mwingine mambo huenda kinyume: kina ndicho kinachomsaidia msomaji wa hati. Neno likisomeka kwa njia mbili, na moja tu kati yake ndiyo inayopatana na vina viwili vilivyo jirani, shaka huisha.

Mpangilio wa karatasi nao hupotosha. Vitabu vya sasa huandika ubeti wa utenzi kwa mistari minne. Hati nyingi huviweka vipande vyote vinne katika mstari mmoja, vikitenganishwa kwa alama ndogo, na chapa nyingine huvipanga viwili viwili. Vikipangwa hivyo, mstari huwa na mizani kumi na sita, kina cha kati na kina cha mwisho, na kwa jicho hufanana na mshororo wa shairi. Ufanano huo haufiki mbali. Shairi lina kina chake cha kati na cha mwisho kwa mishororo yote, na aghalabu kituo kinachobeba hoja. Utenzi una safari. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inatoa fundisho kutoka upande wa pili: ina vipande vinne na kina cha bahari kama utenzi, lakini vipande vyake vimezidi mizani nane, vikifika kumi au zaidi kidogo, na hizo za ziada zinatosha kuufanya mwendo uwe wa kutafakari badala ya kusimulia.

Asili ya umbo hili imezua mabishano marefu. Washairi wa Kiarabu walikuwa na beti za namna hiyo, vina vitatu vya ndani na cha nne kinachorudi, na masheikh wa Pate na Lamu walizisoma. Lakini elimu ya arudhi ya Kiarabu hupima silabi ndefu na fupi, na hilo halimo katika mizani ya Kiswahili, inayohesabu idadi peke yake. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, ametetea mizizi ya tungo hizi katika nyimbo za Waswahili wenyewe. Huenda mpango wa vina ulipokewa na kipimo kikawa cha nyumbani. Amri Abedi, alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, aliandika kanuni ambazo watunzi walikuwa wakizifuata kwa karne kadhaa bila kitabu.

Umbo la utenzi lina udhaifu mmoja wa kiufundi, na watunzi waliujua. Kwa kuwa kila ubeti hujitegemea kwa maana na kila ubeti huishia kwa mlio mmoja, ubeti ukipotea hakuna kina kitakachobaki mjane. Mnakili aliyesinzia akiruka beti tatu, sikio halitagundua. Mwingine akichomeka mbili za kwake, nazo zitakaa kama zilizozaliwa humo. Dawa iliwekwa mwishoni. Katika khatima, baada ya kujitaja jina, kutaja tarehe na kuwaomba radhi wanaojua zaidi yake, mtunzi mara nyingi hutaja pia idadi ya beti alizotunga, na idadi hiyo yenyewe ameipanga katika mizani nane. Mchambuzi makini huufunua ukurasa huo mapema, huinakili tarakimu pembeni, kisha huanza kuzihesabu beti zilizo mbele yake.